Chumvi ya ng'ombe: ununue ipi kwanza?

Ingia agrovet ya Nakuru au Molo uulize chumvi ya ng'ombe, utaletewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Kwa ng'ombe anayeshinda malishoni, mimi nazipanga hivi.

1. Unga wa madini wa ng'ombe wa maziwa. Hakuna kinachoukaribia. Lita moja ya maziwa hubeba takriban gramu 1 ya fosforasi, na kalsiamu zaidi kidogo. Ng'ombe wa lita 10 anamwaga ndooni gramu 10 za fosforasi kila siku, na nyasi za kiangazi zilizobaki mabua hazimrudishii. Gramu 100 za unga wenye fosforasi asilimia 10 zina kiasi hichohicho. Kwa hiyo achana na picha ya ng'ombe mnono, geuza mfuko usome nyuma. Fosforasi ikiwa chini ya asilimia 8, mimi huuacha dukani. Tafuta pia shaba, zinki, seleniamu na hasa kobalti. Enzi za ukoloni, mifugo wa Nakuru walikonda huku nyasi zimejaa, hadi ugonjwa ukaitwa Nakuruitis. Ulihusishwa na upungufu wa kobalti.

Mfuko wa kilo 2, kwa gramu 100 kwa siku, humtosha ng'ombe mmoja siku 20. Linganisha bei ya siku, si ya mfuko.

2. Jiwe la kulamba. Halimwagiki wala halipeperushwi na upepo, na linawafaa mitamba na ng'ombe wa nyama. Kwa wa maziwa halitoshi: akilamba gramu 50 za jiwe lenye fosforasi asilimia 2, amepata gramu 1 tu. Litundike chini ya paa, maana mvua hulimaliza kabla yake.

3. DCP (daikalsiamu fosfeti, unga wa kalsiamu na fosforasi) na chumvi. Ni ya wanaojichanganyia chakula. DCP ina fosforasi ya kutosha, kama asilimia 18, lakini kobalti na shaba utazitafuta kwingine.

4. Chumvi ya kawaida. Sodiamu, basi. Afadhali kuliko kumnyima.

5. Magadi. Wazee wanayapenda, na ng'ombe pia, lakini hayana fosforasi ya maana na huja na floridi. Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi tayari yanatia meno rangi ya kahawia, sioni sababu ya kuongeza.

Unga wa mifupa nimeuacha nje kabisa: usipopikwa kwa mvuke ipasavyo unaweza kuleta kimeta. Ukimkuta ng'ombe anatafuna mifupa malishoni, mara nyingi ni fosforasi anayoitafuta. Mpe namba 1.

Kondoo wasile unga wa ng'ombe. Shaba hujikusanya kwenye ini lao, na huwaua ghafla. Naye ng'ombe aliyebakiza wiki 3 kuzaa, muulize daktari wa mifugo kuhusu kumpunguzia kalsiamu, kwani ikizidi wakati huo humweka karibu na homa ya maziwa (kalsiamu kushuka ghafla kwenye damu) akishazaa.