Methadoni Kampala: dawa nyota tano, safari nyota mbili

Mwenye haraka nimpe jibu mapema: dawa inafanya kazi. Kama unavuta au unajidunga unga, yaani heroini, na umeshachoka, methadoni au buprenofini, dawa za kushika nafasi yake mwilini, itakuondolea arosto, yale mateso ya kuukosa unga, itakurudishia usingizi na hamu ya kula, na utashinda kazini mchana kutwa bila kuiwaza kete inayofuata. Malalamiko yangu yako kwenye njia ya kuifikia. Dawa hii hunywewa kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, na kwa wengi wetu iko upande wa pili wa mji.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Katwe. Unga niliujulia Mombasa nilipokuwa taniboi wa malori yanayopanda Malaba, nikahamia nao Kampala. Sisi tunaotumia Kiswahili hapa mjini, watu wa malori, Wakongo wa Katwe na Nsambya, Wasomali wa Kisenyi, habari za methadoni tulizipata kwa wenzetu wa pwani kabla haijafika kwetu. Dar es Salaam walianza Muhimbili mwaka 2011. Kenya wakaanza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na kwingineko pwani. Jamaa yangu mmoja wa Malindi alikuwa akinipigia simu kuniambia amenenepa, nami nikidhani ananitania. Uganda tukangoja mpaka 2020, mwaka wa korona, hospitali ya Butabika ilipoanzisha huduma hiyo. Wanaharakati wa Uganda Harm Reduction Network, shirika linalotetea watumiaji wa dawa za kulevya, walikuwa wamepiga kelele miaka mingi kabla ya hapo, na asante wanaistahili.

Kabla ya dawa, familia ilinipeleka kwenye nyumba moja ya binafsi ya kurekebisha tabia. Jina naliacha. Shangazi aliuza ng'ombe ili ada ipatikane. Tulifungiwa, tukapewa vidonge vya maumivu na maji ya limau, mahubiri asubuhi, mahubiri jioni, na katikati yake arosto inakugaragaza sakafuni huku unaambiwa uombe. Unatoka huko mwili umesafishika, nyumbani wanachinja kuku. Hakuna aliyetueleza kwamba mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hauwezi tena kubeba kipimo ulichokuwa ukikibeba. Kijana niliyelala naye chumba kimoja alitoka, akarudia kiasi chake kilekile cha zamani, akafa siku hiyohiyo. Madaktari wanalijua sana jambo hili: kipindi cha baada ya kuachishwa ghafla, au baada ya kutoka gerezani, ni cha hatari kubwa. Anayekunywa methadoni analindwa zaidi, kwa sababu mwili wake haujasahau. Mtu akiniambia kwamba nimehama tu kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine, humsimulia habari za kijana huyo, kisha namwachia nafasi aendelee.

Kuanza kwenyewe kunachosha. Wanapima mkojo kuthibitisha kwamba kweli unatumia, wanapima HIV na homa ya ini, wanakuuliza habari za kikohozi kwa ajili ya TB, na mshauri anakaa nawe akiuliza mambo ambayo hata mke hajawahi kuyauliza. Usitegemee kutulia siku ya kwanza. Methadoni inaanza kidogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, na inapandishwa polepole, kwa kuwa inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo ya jana inajumlishwa na ya leo. Daktari akikupandishia haraka kukufurahisha, anaweza kukuua. Hapo ndipo wengi hukimbia: arosto imepungua lakini haijaisha, mgongo unauma, kamasi na machozi hayakatiki, na mtaani kuna mtu anayejua vizuri umetoka wapi na anachokiuza yeye.

Mimi nilibakizwa na musawo mmoja (ndivyo Waganda wanavyomwita mhudumu wa afya), mama mtu mzima, aliyeniambia, "Ssebo, mwili wako una deni. Tulipe kidogo kidogo, nitakupandishia." Akapandisha kweli, mpaka siku moja nilichomelea geti zima tangu asubuhi, na magharibi nikiwa nanawa mikono nikakumbuka kwamba unga haujanipitia kichwani.

Dirishani mambo ni mepesi. Kikombe kidogo cha plastiki, dawa majimaji iliyoongezwa maji. Unakunywa mbele ya musawo, unasuuza kikombe, unakunywa na hayo ya kusuuzia, halafu lazima useme neno ili ijulikane hujaibakiza shavuni. Mimi husema "webale nyo, musawo", yaani asante sana, anaitikia, naondoka. Wenzetu wa buprenofini wanakaa kwenye benchi na kidonge chini ya ulimi, midomo imefumbwa, dakika tano hadi kumi, wakikutazama bila kuitikia salamu. Kuna mzee mmoja mtundu huchagua wakati huohuo kusimulia vichekesho.

Madhara yapo. Choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo mapapai na maji kwa wingi, jasho linatoka hata kukiwa na baridi, mwanzoni unasinzia. Waragi, pombe yetu kali, na vidonge vya usingizi uviweke mbali kabisa, vikikutana na methadoni vinaweza kukata pumzi. Na kama unatumia dawa za TB, waambie siku ileile, maana mojawapo, rifampisini, huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Mwenzangu mmoja alirudiwa na arosto katikati ya matibabu ya TB, akaanza kuwatuhumu kwamba dawa imechakachuliwa. Wakampandishia kipimo, akatulia, akaomba radhi dirishani mbele ya foleni nzima.

Sasa safari. Kliniki ninayokunywea siitaji, kwa kuwa ugomvi wangu ni na umbali, na wahudumu wenyewe wanapanda taksi mbili, hizi daladala zetu, kama mimi. Kutoka Katwe naenda taksi paki, naunganisha gari jingine, namalizia kwa boda au kwa miguu ikiwa mfuko umekauka. Dawa ni bure. Nauli ya kwenda na kurudi inakula elfu sita hivi, kila siku, na jamu ya asubuhi inakula saa za kazi. Mteja anapiga simu saa mbili, "Fundi, uko wapi?", nami nimebanwa ndani ya taksi katikati ya magari yasiyosogea. Kazi nzuri zimenipita hivyo, na anayezichukua ni jirani yangu wa karakana ambaye hata hajui kunyoosha bawaba.

Na mimi nina nafuu. Kuna wanaotoka upande wa Mukono na Entebbe, wanaamka usiku. Wanawake ni wachache foleni, na dada mmoja alinieleza sababu moja ambayo sikuwa nimeifikiria: mwanamume anaweza kuondoka nyumbani kila alfajiri bila kuulizwa, yeye anaulizwa na mume, na mama mkwe, na mwenye nyumba. Dawa ingekuwa zahanati ya mtaani, angekwenda na kurudi kabla uji haujapoa.

Ukikosa siku tatu mfululizo, kipimo chako cha zamani hupewi tena. Wanakukagua upya, wanakushusha, mnaanza kupanda tena taratibu. Utaratibu una sababu nzuri, ni hatari ileile iliyomuua yule kijana. Lakini ukishajua hilo, kila mvua kubwa na kila siku ya kukosa nauli inakuwa hesabu ya kichwa.

Baba mdogo alipofariki Busia, niliomba nipewe dawa ya kubeba ya siku chache za msiba. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia dozi yangu ikinywewa na mtoto itamuua, na ikionekana inauzwa mtaani, huduma ya watu wote inaingia matatani. Sikuwa na la kubisha, nawajua watu wetu. Basi nikanywa dirishani mapema iwezekanavyo, nikapanda basi, nikafika mwili ukishushwa kaburini. Jioni, watu wakitandika mikeka ya matanga, nikaanza kuaga. Shangazi, yuleyule wa ng'ombe, akaniuliza mbele ya wazee, "Kampala kuna nini kinachomzidi baba yako?" Nikasema kazi.

Nyota zilizokosekana ziko hapo. Na haielekei kwamba kuisogeza dawa karibu na watu hakuwezekani, kwa sababu hapahapa Uganda tumeshaona dawa ya kila siku ikisogezwa kwa watu. ARV, dawa za HIV, zilianzia hospitali kubwa. Leo ziko hadi vituo vya afya vya ngazi ya tatu, aliyetulia anapewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na kuna vijiji ambako watu hukutana mahali pamoja wakaletewa. Najua ARV haiuzwi kwenye kona za mitaa. Lakini kati ya kukabidhiwa chupa ya mwezi mzima na kuvuka mji kila siku kuna nafasi pana sana. Kituo cha afya cha ngazi ya nne, kinachomfanyia mama upasuaji wa kujifungua, kinashindwa vipi kumsimamia mtu akinywa kikombe kimoja? Tanzania kutoka Muhimbili walisogea Mwananyamala na Temeke, kisha wakatoka nje ya Dar, wakafika Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga.

Buprenofini ingerahisisha zaidi, maana haikandamizi pumzi kama methadoni. Ufaransa, katikati ya miaka ya 1990, waliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuiandika, na ndani ya miaka michache vifo vya kuzidisha dozi vikashuka kwa karibu asilimia 80. Marekani walichelewa, mpaka mwishoni mwa 2022 ndipo walipofuta kibali maalumu ambacho daktari alitakiwa kuwa nacho ili aiandike. Dawa zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Kuhusu polisi nitasema kidogo tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa sababu ilipopitishwa idadi ya wabunge inayotakiwa haikutimia, Bunge likapitisha nyingine. Huku mtaani hatukuona tofauti. Tembea na kadi ya kliniki. Askari mmoja aliigeuza yangu pande zote mbili akauliza kama huu nao ni unga wa serikali, wenzake wakacheka, nikaachiwa. Bila kadi nisingecheka nao.

Kwa anayetaka kuanza: ukichaguliwa buprenofini, usiende ukiwa umetoka kutumia. Ikikuta unga bado uko mwilini inaufukuza kwa mkupuo, na arosto utakayoipata hapo hujawahi kuiona. Subiri angalau nusu siku, uende ukiwa umeshaanza kupiga miayo na kusikia baridi, na usiwadanganye kuhusu saa uliyotumia mara ya mwisho. Nenda na mtu wako mmoja anayejua kila kitu, umwonyeshe dirisha na musawo, ili siku ukikwama ajue pa kupiga simu. Waulizeni pia habari za naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidisha, na huyo mtu wako aelekezwe inavyotumika, kwa sababu mwenye kuihitaji anakuwa hajijui. Na kabla hujaandikisha jina, weka pembeni nauli ya wiki mbili za mwanzo, ikiwezekana kwa mtu mwingine, maana hizo ndizo wiki ambazo hutaweza kufanya kazi na ndizo ambazo huruhusiwi kukosa.