Huduma ya kutoa mawe ya figo katika hospitali moja binafsi, Dar es Salaam

Wengi wanaotafuta hospitali ya kutolewa mawe kwenye figo huuliza kwanza bei. Mimi, kwa kuwa niliyempeleka ni mama yangu mwenye kisukari, niliipima huduma yao kwa namna wanavyomkinga mgonjwa na maambukizi, kwani hata upasuaji usio na kisu, ambao kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo, unaweza kufuatiwa na sepsisi, yaani mwili kuitikia maambukizi kupita kiasi hadi viungo vyake kudhurika, hali inayohatarisha maisha.

Katika maandalizi wanastahili sifa. Mkojo wa mama ulioteshwa maabara mapema ili kuona kama una bakteria, na bakteria walipoonekana, upasuaji uliahirishwa mpaka alipomaliza antibayotiki iliyochaguliwa kwa kufuata majibu hayo. Sisi ndugu tulinung'unika, lakini daktari bingwa alitueleza bila haraka kwamba maji yanayoingizwa ili kamera ione vizuri huongeza shinikizo ndani ya figo, na shinikizo hilo linaweza kuwasukuma bakteria hadi kwenye damu, hasa kazi ikichukua muda mrefu. Aliongeza kuwa jiwe lenyewe huweza kuficha bakteria hata pale kipimo cha mkojo kinapoonyesha usafi, ndiyo maana vipande vilivyotolewa navyo vilipelekwa kuoteshwa. Maelezo ya aina hiyo, kwa lugha inayoeleweka, si kila mahali utayapata.

Wodini wauguzi walimpima joto mara kwa mara, hata usiku. Chakula ni cha kawaida.

Kasoro kubwa iko kwenye kumruhusu mgonjwa. Karatasi tuliyopewa ilisema turudi kukiwa na tatizo, bila kutaja kwamba joto la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa au mkojo kutotoka ni dharura ya kurudi saa ileile, wala si jambo la kumeza panadol na kungoja kupambazuke. Namba ya simu iliyoandikwa ni ya mapokezi, nayo usiku haipokelewi. Tarehe ya kutoa stenti, ule mrija mwembamba unaoachwa kati ya figo na kibofu, haikuandikwa popote mpaka tulipoidai, ilhali stenti ikisahaulika huganda mawe na kuwa maskani ya bakteria.

Mgonjwa mwingine ningempeleka palepale, ila ningemshauri adai maelekezo ya dharura kwa maandishi, pamoja na tarehe ya stenti, kabla hajatoka wodini.