Haiku ya utani: uanzie kwenye katuni au angani?

Katuni ya gazetini ina visanduku vitatu au vinne, haiku, shairi fupi la Kijapani, ina mistari mitatu ya mizani 5, 7 na 5. Ndiyo maana katuni inakubali upesi kugeuzwa haiku: mstari wa kwanza mhusika, wa pili kisa, wa tatu kichekesho.

Paka kaiba
samaki wa jirani:
mwiba kooni.

Angani ni kugumu zaidi. Ukitaja nyota tu, unajikuta unahubiri ukuu wa ulimwengu na utani umeyeyuka. Dawa yake ni kumleta binadamu na shida zake ndogondogo, kama mwanaanga ndani ya kofia yake ya kioo:

Pua yawasha,
kioo kimeziba.
Mwezi wacheka.

Hata hivyo anga ina hadhi yake. Mwaka 2013 NASA, shirika la anga la Marekani, iliwaalika watu watume haiku, nyingine zikasafiri kwenye DVD ndani ya chombo cha MAVEN hadi Mirihi. Na mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 10 waliviita vyombo vyao Charlie Brown na Snoopy, majina ya katuni, kwa hiyo si lazima uchague.

Mwanafunzi mgeni nitampa katuni kwanza. Ila ahesabu vizuri: “mtoto” ni mizani tatu.