Niliambiwa Fuso langu ni skrepa: uzoefu wangu na dawa ya dizeli

"Mzee, hilo gari si la kutia dawa, hilo ni la kupeleka skrepa."

Ni maneno ya kijana yuleyule aliyeniuzia dawa yenyewe. Hapahapa Mwanza mjini, mtaa ambao maduka ya spea yamebanana mpaka bampa za mtumba zinaning'inia barabarani. Siku ya kuuza hakulitaja neno skrepa. Siku ya kuuza nilikuwa "mzee wangu" na "bosi wangu", nikavutiwa stuli, soda ikafunguliwa kabla sijaitikia. Skrepa ilikuja niliporudi na filta iliyoziba, nimeifunga kwenye gazeti, nataka tu mtu anieleze.

Jina la duka silitaji, na la dawa pia silitaji. Sitaki kesi, na sitaki kuwapigia debe bure.

Gari ni Fuso la zamani, lile lisilo na kompyuta hata moja, injini yake fundi yeyote wa Buzuruga anaifungua amefumba macho. Linabeba chochote: saruji kwenda Geita, mananasi kurudi Mwanza, mchele msimu ukifika. Ugonjwa wake ulikuwa wa umri. Asubuhi linasumbua kuwaka, likiwaka linatoa moshi mweupe majirani wanafunga madirisha, likipanda mlima na mzigo moshi unageuka mweusi. Halafu likaanza kunywa mafuta. Dereva akasema nozeli, vile vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Utingo, ambaye hakuulizwa, akasema pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Mimi nikasikia kuna dawa ya kumwaga kwenye tanki la dizeli.

Kijana alinipa somo zima. "Mzee wangu, dizeli ya siku hizi haina salfa, na salfa ndiyo ilikuwa inalainisha pampu. Hizi injini za zamani zinakufa kwa sababu hiyo." Anaongea haraka, anagonga kopo kwa kucha. Uongo wake mzuri ni kwamba nusu yake ni kweli. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, na kwetu kabla ya hapo iliruhusiwa hadi 500. Hiyo ni kweli. Ila salfa yenyewe haikuwa inalainisha chochote. Vinavyolainisha ni vitu vingine vilivyomo kwenye dizeli, ambavyo mtambo wa kusafishia unaviondoa pamoja na salfa. Wasafishaji wanalijua hilo siku nyingi, kwa hiyo kilainishi kinarudishwa ndani kabla mafuta hayajafika kwenye tanki lako. Ulaya wana kipimo kabisa: gololi ya chuma inasuguliwa juu ya kisahani cha chuma ndani ya dizeli, halafu wanapima alama ya mkwaruzo, ikizidi mikromita 460 dizeli hiyo imeanguka mtihani. Kwa hiyo ukinunua mafuta kwenye sheli inayoeleweka, unaongeza dawa juu ya dawa.

Fundi wangu wa pampu, mzee mwenzangu pale Nyakato, alicheka sana nilipomsimulia somo hilo. Akaniuliza, "Pampu yako ni ipi?" Yangu ni ile ndefu, plunja zake, vile vyuma vinavyosukuma dizeli, zimejipanga mstari. Akasema sehemu kubwa ya pampu hiyo, kemu inayozisukuma plunja na vitu vyake vya chini, inalainishwa na oili ya injini. Dizeli inalainisha plunja tu. Wa kuhangaika na kilainishi ni mwenye pampu ndogo ya mzunguko, ya pikapu na magari madogo, ambayo ndani yake yote inakunywa dizeli peke yake. Kijana hakuniuliza nina pampu gani. Hakuniuliza hata gari gani! Nilimwambia "lori la zamani" akanyoosha mkono kwenye shelfu.

Kwenye kopo wameandika pia kwamba imesajiliwa na EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani. Alinionyesha kwa kidole, taratibu, utadhani ni aya ya kitabu kitakatifu. Kusajiliwa kule ni mtengenezaji kupeleka taarifa za vilivyomo na kuandikishwa. EPA haisemi kwamba dawa hiyo inapunguza matumizi ya mafuta wala kwamba inaponya injini. Lakini nani anayajua hayo akiwa na soda mkononi?

Nikachukua makopo mawili. Bei siitaji, mke wangu anasoma haya.

Sasa safari. Tulitia kopo moja kwenye tanki lililojaa, kwa kipimo kilichoandikwa, si tone zaidi. Kwenda Geita sitadanganya: gari lilikwenda vizuri kuliko nilivyolizoea. Moshi ulipungua, dereva anaimba, utingo ananiambia "bosi, hii dawa ni yenyewe." Nilikuwa tayari kumpigia simu yule kijana nimshukuru. Tukapakia mananasi, tukageuza.

Tumepita Sengerema, likaanza kukosa nguvu. Dereva anakanyaga, gari haliitiki. Anashusha gia, linapata uhai kidogo, linakata tena. Tukafika Busisi linakokota, na mimi, kwa kuwa Kigongo ilikuwa inaonekana ng'ambo, nikasema tuvuke. Daraja lile la Kigongo–Busisi ni takriban kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, na sisi tukaenda kuzima juu yake. Zamani za kivuko gari likizima kwenye foleni hakuna anayejua, maana kila mtu amezima. Darajani kila mtu anajua. Mabasi yanapita yanapiga honi, abiria wanatoa simu madirishani. Nimo kwenye simu za watu nisiowajua, nimeshika kiuno.

Utingo akafungua filta. Kilichotoka kilikuwa kama uji wa ulezi uliolala, mzito, wa kahawia, una punje punje za kutu. Filta hiyo haikuwa na umri mkubwa. Tukabadilisha, tukasukuma pampu ya mkono kutoa upepo, likawaka, tukafika upande wa Kigongo. Likazima tena. Filta ya akiba nayo imejaa. Tukalala pale. Mananasi yanaanza kuharibika nyuma, mama mwenye mzigo anapiga simu kila nikifumba macho, na mbu wa ziwani unawajua.

Fundi ndiye aliyenieleza kilichotokea, na hapa ndipo hasira yangu inachanganyikiwa. Dawa haikushindwa kazi. Ilifanya kazi. Tanki la lori la zamani lina uchafu wa miaka chini yake: kutu, tope la sheli za vichochoroni, na maji, maana tanki likilala nusu hewa yenye unyevu ya ziwani inaingia na usiku inageuka matone. Kwenye mstari wa maji na dizeli kuna vijidudu vinaota, vinatengeneza ute. Vyote hivyo vimelala chini kwa amani, havimsumbui mtu. Ukimwaga dawa ya kusafisha, yenye sabuni yake, uchafu unabanduka kwenye kuta, unapanda, unakwenda filta. Filta inaziba, injini inakosa mafuta. Ndiyo hivyo tu.

Kwa hiyo dawa nzuri, muuzaji mbaya? Nilijaribu kufikiri hivyo, na ndiyo maana nilirudi dukani kwa ustaarabu. Nikasalimia. Nikaweka filta juu ya kaunta. Nikauliza, kwa nini hukuniambia nishushe tanki kwanza nilioshe? Hakuitazama filta. Alikuwa anahesabu hela ya mteja mwingine, akasema lile neno la skrepa bila kuinua macho, na yule mteja akacheka. Mimi, mwenye umri wa baba yake. Hakuniambia pole. Hakusema hata "mzee, tuongee pembeni." Ningepewa pole ningeondoka kimya, nisingeandika chochote hapa.

Baadaye nozeli zilitolewa, zikapimwa kwenye mashine ya fundi. Ukizisukuma mkono zinatakiwa kupuliza ukungu. Nyingine zilipuliza safi kabisa, na fundi akakubali kwamba huenda dawa ilisaidia, kwani masizi ya kwenye ncha yanaweza kulainika. Lakini moja ilikuwa inakojoa. Hiyo imeliwa, tundu limepanuka, na hakuna kopo duniani linalorudisha chuma kilicholika. Ni hivyo hivyo kwa plunja iliyochoka na ringi za pistoni zilizokwisha. Ukiona moshi wa bluu, hiyo ni oili inaungua, usipoteze muda kwenye shelfu la dawa.

Sasa hivi gari linawaka asubuhi bila kusumbua. Ni dawa? Ni nozeli mpya? Ni filta, au ni tanki kuoshwa? Vyote vilitokea karibu karibu, nani apewe sifa? Dereva anaapa ni dawa. Anasema hata ulaji wa mafuta umepungua. Mimi ninacheka kimoyomoyo, kwa sababu tangu nianze kupima tanki kwa kijiti kabla na baada ya safari, ulaji ungepungua hata ningetia maji ya mchele. Wenye malori mnanielewa. Dereva akijua unapima, dizeli haiuzwi njiani, na injini yoyote inapona.

Nilitaka kuandika kwamba dawa hizi ni wizi mtupu, na nikiandika haya bado mkono unatetemeka nikimkumbuka yule kijana. Lakini mtu aliyewahi kuuziwa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, siwezi kumkataza. Tunaikumbuka miaka ile kabla ya 2011, kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa yakaribiane bei na dizeli. Huku ziwani mafuta ya taa yalikuwa kila mwalo, kwa ajili ya karabai za wavuvi wa dagaa, na yaliishia kwenye matanki yetu. Mafuta ya taa ni makavu, pampu ililia. Wakati ule kilainishi kingekuwa na maana. Leo, kama unanunua dizeli ya vidumu usiku njiani, labda bado kina maana, ila basi tatizo lako si dawa.

Na ile dawa ya kuongeza wepesi wa dizeli kuwaka, hiyo pia ipo, na kwa injini inayosumbua baridi ya asubuhi inaweza kusaidia kweli. Mwanza baridi yenyewe ipo wapi?

Nikiulizwa na mtu mwenye Fuso la rika la langu, nitamwambia aende kwa fundi pampu kwanza. Ashushe tanki. Afungue kikombe cha maji chini ya filta kila asubuhi mpaka dizeli safi itoke, kazi ya dakika chache isiyo na bei. Apime nozeli. Zikiwa nzima na tanki safi, akitaka kutia kopo, atie, na awe na filta za akiba zaidi ya nilizokuwa nazo. Hapana, ngoja. Zikiwa nzima na tanki safi, kopo la nini?

Hata hivyo ile safari ya kwenda Geita lilipanda vizuri mno. Sijalisahau hilo, na linaniudhi.

Kopo la pili ninalo, halijafunguliwa. Anayelitaka nitamwachia kwa nusu bei, ila kwanza aniambie tanki lake lilioshwa lini.