Kifaa cha kusikia cha nyuma ya sikio: kinasaidia kumbukumbu?

Kwa mzee ambaye vidole vimekuwa vizito, chagua kinachotumia betri namba 13. Vile vidogo vya ndani ya sikio vitamsumbua. Ukibandua karatasi ya betri, subiri dakika 1 kabla ya kuiweka, maana inahitaji hewa. Kikipiga mluzi, kipande cha sikioni hakijakaa vizuri. Sauti ikififia ilhali betri ni mpya, kagua mrija: huenda umezibwa na nta au una unyevu.

Kumbukumbu? Tusidanganyane. Jaribio la ACHIEVE la Marekani (2023), lililopima kama vifaa vya kusikia hupunguza kudhoofika kiakili kwa wazee, halikuona tofauti kwa washiriki wote kwa jumla baada ya miaka 3. Walionufaika ni wazee waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi: kasi ya kudhoofika kiakili ilipungua kwa asilimia 48. Nao walipata pia ushauri wa mtaalamu, si kifaa pekee.