Bia za moshi kwa nyama ya nguruwe: ya kuanza nayo na ya kuiacha dukani

Anza na nyama, bia baadaye. Kama nyama itatoka ovenini au sufuriani bila kuguswa na moshi, bia ya moshi itaipa kile ilichokosa, na hapo unaweza kununua hata ile kali kabisa. Kama imekaa saa nyingi juu ya kuni, moshi wa bia unarundikana juu ya moshi mwingine, na baada ya vipande vichache ulimi hausikii nyama wala bia. Unasikia majivu. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: mbavu zilizofukizwa tangu asubuhi wanazitafutia bia nyeusi yenye moshi mzito, eti kwa kuwa vyote viwili ni vya moshi. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia bia ipi inafaa nyama nyingi zaidi, na pia kama inapatikana bila kusafiri kwenda kuitafuta kiwandani.

Moshi wenyewe unatoka kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa juu ya moto wa kuni. Zamani kimea kingi kilikaushwa hivyo, kwa hiyo bia nyingi zilinuka moshi, mtu apende asipende. Tanuri zinazotenganisha moshi na nafaka zilipoanza kuenea, kuanzia karne ya 17, ladha hiyo ikafifia na kubaki katika miji michache iliyoing'ang'ania. Kuni zinapoungua, lignini iliyomo, yaani kile kinachoupa mti ugumu, huvunjika na kutoa gwayakoli na siringoli, kemikali zilezile zinazoipa bekoni harufu yake. Anayenusa bia hii kwa mara ya kwanza akasema inanuka bekoni hajakosea hata kidogo. Ongeza gesi na uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, vinavyokata mafuta mdomoni, utaona kwa nini nguruwe, mwenye mafuta mengi na ladha isiyo kali, anapatana na bia hizi kuliko nyama nyingine yoyote.

Nafasi ya kwanza naipa Aecht Schlenkerla Rauchbier Märzen, ya mji wa Bamberg, kaskazini mwa Bavaria nchini Ujerumani. Baa ya Schlenkerla inatajwa kwenye kumbukumbu za mji tangu 1405, na kiwanda chake bado hufukiza kimea chake chenyewe kwa kuni za mti wa biichi. Alkoholi ni asilimia 5.1. Rangi ni ya kahawia iliyokolea na moshi wake ni mkali, lakini ukishameza inaacha mdomo mkavu na safi, haina ule utamu wa kunata. Hapo ndipo inapozishinda nyingine. Bega la nguruwe lililookwa taratibu mpaka ngozi ikakauka na kulia chini ya meno linataka kinywaji cha namna hii hasa, na wenyeji wa Franconia, ambako Bamberg iko, huliita Schäuferla na kulila na bia zao. Wana pia kitunguu kikubwa kilichojazwa nyama ya nguruwe ya kusaga, kikamwagiwa mchuzi wa bia ya moshi. Ukitaka kuijaribu bia hii jikoni, itie mwishoni na usiichemshe kwa muda mrefu, maana maji yakipungua uchungu unabaki na kukolea.

Ila nunua angalau chupa mbili kwa kila mtu. Glasi ya kwanza huwashtua wengi, na kuna wanaoisukuma kando baada ya kuionja mara moja. Ulimi huuzoea moshi upesi; kwenye glasi ya pili moshi unarudi nyuma na kimea kinaanza kusikika, chenye ladha ya ganda la mkate. Atakayetoa hukumu kwa kuonja mara moja, tena bila chakula, hajaipa bia hii nafasi.

Ya pili ni Grodziskie ya Poland, na huenda wengi wataniuliza kwa nini nimeipandisha juu hivyo. Hutengenezwa kwa kimea cha ngano kilichofukizwa kwa mwaloni. Ni nyepesi, rangi yake ni ya majani makavu, alkoholi ni kama asilimia 3 tu, na ina gesi nyingi kiasi kwamba imewahi kuitwa shampeni ya Poland. Kiwanda cha mwisho katika mji wake wa asili, Grodzisk Wielkopolski, kilisimamisha uzalishaji mwaka 1993, na kwa miaka mingi bia hii ikabaki mikononi mwa waliokuwa wakiitengeneza nyumbani kabla ya kufufuliwa mjini humohumo katika miaka ya 2010. Uzuri wake mezani ni kwamba haibebi uzito wowote. Soseji, bekoni, paja lililotiwa chumvi na kufukizwa, nyama iliyokaangwa kwa mafuta mengi: vyote hivyo vina chumvi na mafuta ya kutosha, vinahitaji kitu cha kuosha mdomo. Moshi wa mwaloni ndani yake ni mkavu na wa mbali, kwa hiyo hata nyama iliyokwisha kufukizwa haigombani nao. Pilipili ikiwa nyingi pia chagua hii, kwa sababu alkoholi nyingi huuongeza mwasho. Kitu kimoja tu: inunue ikiwa mbichi. Bia nyepesi ya ngano haifaidiki na kukaa, na chupa iliyovuka tarehe yake hupoteza gesi na kubaki kama maji yaliyopita karibu na moto.

Tatu, porta ya moshi, yaani bia nyeusi ya kimea kilichochomwa. Iliyofungua njia Marekani ni Alaskan Smoked Porter, kutoka Juneau, Alaska, iliyotengenezwa kwanza mwaka 1988 kwa kimea kilichofukizwa kwa kuni za alda ndani ya tanuri la kufukizia samaki. Ina asilimia 6.5, na chupa zake huandikwa mwaka kwa sababu inaweza kukaa miaka kadhaa kabatini; moshi hulainika na ladha ya chokoleti na matunda makavu hujitokeza. Hii ni ya mbavu zenye mchuzi mtamu uliogeuka ganda jeusi pembeni. Kimea kilichochomwa kina uchungu wa kahawa unaoukata utamu huo. Lakini kama mchuzi wenyewe ni ule wa chupa unaonuka moshi tayari, rudi kwenye Grodziskie.

Porta za moshi zinatengenezwa na viwanda vidogo vingi, na nyingine ni nzuri sana. Kinachotofautisha ni kimea. Weyermann, kampuni ya Bamberg iliyoanza 1879, inawauzia watengenezaji wa nchi nyingi kimea kilichofukizwa kwa biichi, kwa hiyo porta ya mbali kabisa inaweza kuwa na moshi uleule wa Bamberg. Soma lebo ya nyuma. Ikitaja biichi, mwaloni, alda au mti wa tunda kama mcheri, chukua. Ikitaja kimea kilichofukizwa kwa mboji ya kinamasi (peat), kile cha wiski za Uskoti, fikiri mara mbili. Moshi wa mboji una harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, na mafuta ya nguruwe huikuza badala ya kuifunika. Katika wiski naupenda. Kando ya nguruwe siutaki.

Spezial, kiwanda kingine cha Bamberg kilichoanzishwa 1536, hutengeneza laga (bia inayochachushwa kwenye baridi) ya moshi iliyo laini kuliko Schlenkerla, chini ya asilimia 5. Ingekuwa ya pili kama si ya kwanza, shida ni kuipata nje ya eneo lake. Ukiiona, usiulize maswali.

Baada ya hapo kuna zile nzito za Schlenkerla: Urbock ya asilimia 6.5, inayotoka majira ya vuli, na Eiche ya asilimia 8, ya msimu wa Krismasi, ambayo kimea chake hufukizwa kwa mwaloni na hivyo moshi wake ni laini kuliko nguvu yake inavyokufanya utarajie. Ni za nyama ya shingo au kifundo iliyochemka saa nyingi katika mchuzi wake mpaka ikaachia mfupa. Chupa moja watu wawili.

Kwa mgeni anayeogopa kabisa, Schlenkerla wana Helles, laga ya rangi ya dhahabu, ya asilimia 4.3 isiyo na kimea cha moshi hata punje. Hupikwa katika masufuria yaleyale na chachu yake imetoka kwenye bia za moshi, basi hubeba kivuli tu cha harufu. Inaenda vizuri na nyama nyeupe ya mgongo, ambayo moshi mzito huizika. Lichtenhainer, bia ya Ujerumani yenye moshi na uchachu pamoja, ni ya nyama iliyopikwa na siki au kabichi chachu, na si ya kila mtu.

Usinunue bia iliyotiwa moshi wa maji, yaani ladha ya moshi ya kumimina kutoka chupani. Mara nyingi harufu yake hupaa yote puani na mdomoni hakuna kitu. Epuka pia chupa zilizokaa rafu ya juu chini ya taa, hasa za kijani au zisizo na rangi, kwa sababu mwanga huharibu hopsi na kuleta harufu ya kicheche.

Nyumbani, Grodziskie iwe baridi, nyuzi 5 hadi 7 hivi. Märzen ifike nyuzi 8 hadi 10, na porta au Urbock ziachwe nje ya friji dakika kama 20 kabla ya kufunguliwa; baridi kali huficha kimea na kuacha moshi peke yake. Ukiwa na aina kadhaa mezani, panda kutoka nyepesi kwenda nzito, kwa sababu baada ya Urbock ile Grodziskie itaonekana haina ladha. Na badilisha glasi au zisuuze kwa maji ya moto katikati, kwani harufu ya moshi hung'ang'ania kwenye povu lililokauka ukingoni.