Nyumba mpya Ngaramtoni, baridi ya zamani: nilivyopimisha upepo

Tulihamia Ngaramtoni mwezi wa nne, rangi bado inanuka. Sikuwa na la kulalamika: ukuta wa block inchi sita, lipu ndani na nje, skimu, dari ya jipsamu yenye taa za kuzama, madirisha mapana ya aluminiamu ya kuslaidi. Halafu mwezi wa sita ukaingia na baridi ya Meru ikashuka. Mama mkwe wangu amekulia Machame, baridi haimtishi. Alikaa sebuleni siku mbili amejifunga kitenge juu ya sweta, ya tatu akauliza, "Mwanangu, hii nyumba mmeijenga au mmeisuka?"

Nikanunua hita ya umeme ya wati 2,000. Hiyo hula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha kwa saa 5 kila jioni ni uniti 10, na kwa shilingi 356 kwa uniti ni shilingi 3,560 kwa usiku, zaidi ya laki moja kwa mwezi. Na ukiizima, ndani ya robo saa chumba kimerudi kilikotoka. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba ninapasha joto anga la Ngaramtoni.

Habari ya kipimo niliipata kwa shemeji anayeishi Leeds. Kule Uingereza nyumba mpya hupimwa kwa feni kuona inavujisha hewa kiasi gani, na tangu kanuni mpya za mwaka 2022 kila nyumba inapimwa yenyewe, si kuchagua mbili tatu kwa niaba ya mtaa mzima. Isipofaulu, mjenzi anarudi kuziba. Mimi nilipofuata kibali cha kujenga niliulizwa ramani, mipaka na shimo la choo, upepo hakuna aliyeutaja. Nilipima kwa hiari, kwa sababu ya LUKU na mama mkwe.

Kampuni niliyoipata hapa Arusha (siitaji, nina la kuwasema chini) ilinitoza shilingi 380,000. Kijana alisema atafika saa tatu asubuhi, akafika saa sita. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, kazi yake pia, lakini saa tatu ni saa tatu.

Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa. Unafungua mlango mkubwa, anapachika fremu ya aluminiamu inayorefuka hadi ibane, imevalishwa turubai, na chini ya turubai kuna tundu la feni kubwa. Mirija miwili ya plastiki inakwenda kwenye mita ndogo, mmoja unasoma presha ya nje na ndani, mwingine unasoma feni inasukuma hewa kiasi gani. Madirisha yote yanafungwa, milango ya vyumbani inaachwa wazi. Feni inanyonya hewa kuitoa nje hadi tofauti ya presha ya ndani na nje ifike paskali 50 (paskali ni kipimo cha presha). Ni kidogo mno ukiisema kwa namba, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 5, lakini nyumba nzima inakuwa kama inapigwa na upepo mkali kutoka pande zote kwa pamoja. Kila tundu linajisema.

Aliniambia nimwage maji kwenye vitundu vyote vya sakafuni bafuni. Nikasahau choo cha wageni, ambacho hakijatumika tangu tuhamie na maji yake yalikuwa yameshakauka. Feni ilipowaka, harufu ya shimo iliingia hadi sebuleni. Mama mkwe akatoka nje na kiti chake.

Jaribio la kwanza halikufika popote. Feni ilikwenda mwisho wa nguvu zake, mita ikagota paskali 31. Kijana hata hakushangaa. Alinyoosha kidole juu ya madirisha: matundu ya hewa, yale ya wavu ambayo kila fundi anayaacha bila kuulizwa. Ninayo tisa. Dar es Salaam yana maana yake, joto linahitaji pa kutokea. Huku juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, tunayaiga tu. Akayabandika nailoni na gundi ya karatasi, akawasha tena. Umeme ukakatika. Tukakaa dakika arobaini tukinywa chai.

Uliporudi, namba ilipatikana: mita za ujazo 4,620 kwa saa. Nyumba yangu ina mita za mraba 110, kimo mita 2.8, kwa hiyo ujazo wake ni 308. Gawanya, unapata 15. Maana yake kwa presha ile, hewa yote ya ndani inabadilika mara 15 kwa saa, na hapo matundu ya madirishani yameshazibwa. Kwa siku za kawaida, bila feni, wanakadiria kwa kugawa kwa 20, kwa hiyo robo tatu ya hewa niliyoipasha joto inaondoka kila saa. Kwa kulinganisha, mwongozo wa ujenzi ambao majimbo mengi ya Marekani huufuata uliweka ukomo wa 3 kwa maeneo ya baridi na 5 kwa yale ya joto zaidi, na kiwango cha Passivhaus kilichoanzia Ujerumani, cha nyumba zinazohitaji joto kidogo sana, kinataka 0.6. Sikujisikia vibaya sana. Hakuna aliyemwambia fundi wangu kuna mtihani.

Kusema ukweli, namba siyo niliyolipia. Nililipia saa moja iliyofuata. Kijana aliacha feni ikinguruma, akatoa udi, udi huu huu wa dukani, akauwasha na kuanza kupita nao ukutani. Nilikuwa nimeshajiandaa kulaumu madirisha. Kwenye madirisha moshi uliyumba kidogo pale vioo viwili vinapopishana, basi. Alipouinua chini ya taa ya kuzama, moshi ulipigwa chini kama mtu kaupuliza. Taa ishirini na mbili, zote hivyo. Mfuniko wa dari uliopo koridoni ulikuwa unapiga mluzi. Kona ambapo jipsamu inakutana na ukuta ilionekana safi kabisa kwa rangi, lakini moshi ulionyesha ufa wa unene wa kucha unaozunguka chumba kizima.

Kilichonishangaza zaidi ni soketi. Aliniambia niweke kiganja mbele ya soketi ya televisheni, nikasikia upepo wa baridi unatoka ukutani, ukutani kwenyewe! Paipu za waya zinapanda ndani ya ukuta hadi juu ya dari na huko mdomo uko wazi, na juu ya dari ni bati na mwanya wa upepo chini yake. Kila soketi yangu ni dirisha dogo. Nyumba zetu hazivuji ubavuni, zinavuja utosini, na hewa ya joto ndiyo kwanza inakimbilia huko.

Kabla hajaniandikia orodha ya kuziba, aliuliza swali ambalo kwangu lilistahili hela yote. "Mama, jiko la mkaa jioni linakaa wapi?" Nikamwambia ukweli: baridi ikizidi, bibi analiingiza chumbani. Akaweka kalamu chini. Akasema hatanionyesha hata sehemu moja ya kuziba mpaka jiko hilo litoke, kwa sababu mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na matundu ninayoyalalamikia huenda ndiyo yaliyotuweka hai. Mama mkwe alisikia kila neno. Jiko sasa linalala barazani. Matundu ya jikoni, penye gesi, na ya bafuni tumeyaacha wazi kama yalivyo, ya vyumbani na sebuleni nimewekea vifuniko vya kufungua na kufunga. Asubuhi tunafungua.

Sasa la kuwasema. Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili, kurasa kumi na nne za Kiingereza zinazorejea sheria za nchi nyingine, na mchoro wa nyumba usio wangu kwenye ukurasa wa tatu. Fundi wangu hangeweza kuitumia. Nilichomkabidhi ni picha nilizopiga mwenyewe kwa simu, udi ukiwa mkononi mwa kijana. Ukienda kwao, piga picha.

Kazi ya kuziba ilichukua siku nne. Silikoni kwenye kona za dari, foamu ya kupuliza kwenye midomo ya paipu kule juu, mpira kuzunguka mfuniko wa koridoni, na taa za kuzama nimeziondoa kabisa nikaweka za kubandika juu ya jipsamu, maana kufunika taa inayopata moto ni kutafuta balaa. Fundi alinung'unika kupanda darini, akasema tangu aanze ufundi hajawahi kuambiwa azibe nyumba isipumue. Nilimwongezea elfu ishirini, akapanda.

Kijana alirudi kwa shilingi 150,000. Safari hii alifika kwa wakati. Mita ikasoma 2,156, yaani 7. Leeds sijui wangeniambia nini, mimi niliridhika. Hita sasa inawaka kwa saa mbili badala ya tano, na chumba kinashika joto hadi tunapolala.

Isipokuwa mama mkwe aliendelea kulalamika miguu, sebuleni tu, kwenye kiti chake. Nikampigia kijana. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kile kiti kiko wapi. Nikamwambia kinatazama mlango mkubwa. Akaanza kucheka: mlango ule ndipo alipoweka feni, mara zote mbili, kwa hiyo ndiyo tundu pekee ambalo mashine haikuliona. Nikainama kuangalia, chini ya mlango mwanga wa nje unaingia, mwanya unapitisha kidole. Brashi ya mlango nimeipata kwa shilingi 8,000. Nikipima tena, feni itakaa mlango wa jikoni.